Kaseti Nne za Orkesta Moja

Mwalimu alivusha kaseti zake Ziwa Mweru kabla hajawavusha watoto wake. Alizileta Jumamosi moja asubuhi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliteremka kwenye boti ya wachuuzi pale Kashikishi, suruali imelowa mpaka magotini, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu ya salaula, zile nguo za mitumba. Akauweka mfuko juu ya mashati niliyokuwa nimeyakunja.

"Mama, unibekee izi bintu," akasema.

"Na mama batoto?"

"Beko kwanza kule Kilwa."

"Sasa juu ya nini kaseti njo zinatangulia?"

"Kaseti ni nyepesi. Na hazilii njiani."

Hakucheka alipoyasema hayo, nami sikucheka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Vita vya ng'ambo vilikuwa bado mbali na maji yetu, ila boti zilikuwa zimeanza kuja na magodoro badala ya samaki, na wanawake wa Kilwa, ule mji wa ng'ambo ya ziwa, walikuwa wakiuza sufuria zao kubwa, zile ambazo mtu hauzi mpaka ameacha kutegemea kupika harusi.

Nilimwita mwalimu kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi huko kwao miaka mingi, mpaka mishahara ikakoma, ndipo akaingia biashara ya sabuni na chumvi. Mimi mwenyewe mama yangu ni mtu wa Nchelenge na baba yangu alikuwa mtu wa Kilwa. Nilisoma ng'ambo, kwa Kifaransa kidogo na kwa Kiswahili cha huko, kinachosema njo badala ya ndiyo, na ingawa sokoni na kanisani kwetu ni Kibemba, jambo la moyoni hadi leo huliandika kwa Kiswahili.

Tulifahamiana mwaka mmoja kabla ya siku hiyo, kwa ajili ya muziki. Nilikuwa nimefungua redio-kaseti yangu pale mezani, napiga kaseti ya marehemu mume wangu. Mume wangu alikuwa mpiga besi wa orkesta moja ya rock ya miji ya migodi. Siku zao walijulikana kote, nywele zao kubwa na suruali zao pana chini, magitaa yakikwaruza kama msumeno kwenye bati. Kufikia wakati ninaousimulia, vijana walikuwa wanataka rumba tu. Kwa hiyo nilishtuka mtu mzima aliyebeba katoni ya sabuni kichwani aliposimama mbele yangu, akasikiliza bila kuutua mzigo, kisha akauliza:

"Hii konseri ni ya wapi?"

"Kitwe."

"Iko muzuri. Lakini ya Lubumbashi inaipita."

Nilimwambia hawezi kujua kuliko mimi, kwa maana huyo anayesikika kwenye besi ni bwana yangu, na ameshafariki. Hapo akatua katoni. Akavua kofia, akanipa mkono kwa mikono yake miwili, akanipa pole iliyochelewa miaka minne. Kisha, kana kwamba ibada imekwisha, akasema yeye alikuwepo Lubumbashi, aliirekodi konseri mwenyewe, redio-kaseti ikiwa magotini, na ataileta nisikie.

Aliileta. Tangu hapo kila alipokuwa upande wetu siku ya Jumapili, tulikaa baada ya kanisa uani kwa mama yangu, tukasikiliza. Mama alikuwapo kila mara, ameketi kando ya mkeka wake wa chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, akifukuza kunguru kwa fimbo ndefu. Rock hakuielewa. Siku ya kwanza aliuliza kama hao watu wanaimba au wanapigana.

Mwalimu alikuwa na taratibu zake. Hakukubali tulinganishe kaseti mbili kwa betri zilizochoka, kwa sababu betri ikichoka kaseti huzunguka polepole na mpiga gitaa hodari huonekana mvivu. Kwa hiyo betri zilianikwa juani tangu asubuhi, pembeni ya chisense. Alikuwa na daftari la shule, na humo aliandika wimbo mmoja tu, ule mrefu ambao orkesta ilifungia kila konseri. Alisema orkesta huweza kudanganya kwenye nyimbo fupi, ila kwenye wimbo mrefu haiwezi. Kitwe waliupiga kwa dakika kumi na moja. Lubumbashi, dakika kumi na saba. Kulikuwa na ya Chingola pia, aliyoinakili kwa rafiki, ambamo uliisha kwa dakika tisa.

Kaseti ya Kitwe ilikuwa safi. Fundi wa umeme wa ukumbi wa wachimba migodi aliirekodi kwenye mashine zao wenyewe, na kila chombo unakisikia mahali pake. Ile ya Lubumbashi ilikuwa vumbi tupu. Watu wanakohoa, mtu anauza karanga karibu na redio, mwanamke anacheka nusu ya wimbo wa tatu. Lakini kwenye ule wimbo mrefu, kama dakika ya kumi, magitaa yote yananyamaza, besi inabaki peke yake, nzito, inatembea kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Uwanja mzima unanyamaza. Hata muuza karanga.

"Sikia ule mutu," mwalimu alikuwa akisema hapo, kila mara, mkono juu. "Sikia mama. Yeko anasema, hapigi."

Nami nilifumba macho, nikaviona vidole vya mume wangu. Sijui kama nimewahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia dakika zile.

Kulikuwa na kaseti ya nne. Mwalimu alijua ipo kwa sababu watu walisema orkesta ilipiga mara ya mwisho Mansa, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Ilikuwa chini ya sanduku langu, imefungwa kwenye leso. Aliponiuliza nilimwambia sina. Katika kaseti ile wamebaki watatu tu, na katikati ya wimbo mrefu mume wangu anakohoa, kikohozi ambacho hakikomi, na besi inasimama kumngoja.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu wakati ule. Mume wangu alikufa kwa kifua kikuu, ndivyo ilivyoandikwa, lakini kila mtu alijua kilichokileta kifua kikuu siku hizo. Kibemba waliuita ugonjwa huo kaliondeonde, kwa jinsi mtu anavyokonda. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Tulioana mwaka uliofuata konseri ya Lubumbashi. Tulikaa pamoja Chingola miaka minne, tukapata mtoto wa kike, akafa kwa malaria akiwa na miezi kumi na moja. Baada ya hapo nilirudi kwa mama, Nchelenge, na mume wangu akabaki na orkesta, akizunguka miji. Hakurudi kwangu ila mwishoni, mgonjwa, kuja kuuguzwa. Kwa hiyo nilijiambia kwamba aliupata ugonjwa katika ile miaka mitatu tuliyoishi mbali. Mimi nilikuwa nimeshatoka nyumbani mwake. Nilikuwa kama mtu aliyeshuka kwenye lori kabla halijapinduka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonilaza usingizi.

Ile tabia ya kulinganisha konseri ilikuwa na ubaya wake, na sote wawili tuliuona bila kuutaja. Ukizipanga kaseti kwa miaka, unasikia watu wakipungua. Kitwe wako watano. Chingola gitaa la pili halipo, na mwimbaji anasema tu kwa Kiingereza kwamba ndugu yetu amepumzika. Kwenye ile ya Kitwe mwimbaji anataja marafiki zake walioko ukumbini, mmoja mmoja, na wanapiga mbinja. Jumapili moja nilianza kumweleza mwalimu ni akina nani, huyu alikuwa mwashi, huyu dereva wa basi, huyu alioa binamu yangu. Nilipofika wa nne nikagundua nimesema "alikuwa" kwa kila mmoja. Mwalimu akazima redio. Mama yangu, bila kugeuka, akasema, "Anikeni kitu kingine."

Jumamosi ile aliponiletea mfuko wa kaseti, alisema jambo moja zaidi kabla hajaondoka mezani.

"Kuko mutu mumoja wa ile orkesta angali muzima. Mupiga kinanda. Balisema anaishi Mwansabombwe, analima mihogo. Twende tumuulize yeye. Aseme ipi njo ya kwanza, tumalize."

"Na vita?"

"Njo maana nasema twende sasa."

Tulipanda gari la samaki Jumatatu asubuhi. Nilikaa mbele na dereva, mwalimu akakaa nyuma juu ya magunia, redio-kaseti mapajani kama alivyokuwa ameiweka uwanjani miaka ile. Nilikuwa nimechukua kaseti tatu. Ya nne niliiacha sandukuni.

Mpiga kinanda nilimkumbuka mtu mnene, mwenye pete vidoleni. Tulimkuta amekonda, macho yake mazito, amevaa koti la suti juu ya kaptula. Alinijua kwa sauti. Aliniita mulamu, shemeji, kama alivyoniita zamani, akatuwekea viti kivulini mwa nyumba na kutuletea maji. Ndani, mlango ukiwa wazi, nilikiona kinanda chake. Mchwa walikuwa wameshakula miguu, na juu yake palikuwa na ndoo ya unga.

Nilimweleza tulichokuja kutafuta. Hakushangaa. Alisema tu, kwa Kibemba, kwamba ni muda mrefu hajausikia muziki wake mwenyewe.

Tukaanza na Kitwe. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na wimbo mrefu ulipokwisha akasema, "Siku ile tulikuwa tumekula na kulala. Hakuna siri nyingine." Kwa Chingola alitikisa kichwa tu. Alisema hapo walikuwa wanapiga ili wamalize.

Mwalimu akaweka ya Lubumbashi. Alikuwa kama mtu anayemtambulisha mchumba kwa wazee. Vumbi, kikohozi, muuza karanga. Wimbo mrefu ukaanza. Mwalimu akahesabu dakika kwa midomo, na magitaa yaliponyamaza akainua mkono.

"Sikia, papa. Sikia ule mutu."

Mimi sikufumba macho siku hiyo, kwa heshima ya mwenyeji. Nilikuwa namtazama mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti lake, na vidole vilikuwa vinatembea. Mwanzoni nilidhani anafuata muziki. Kisha nikaona kwamba hafuati. Kila kidole kilishuka kabla ya sauti. Sauti ndiyo iliyokifuata kidole.

Nilinyoosha mkono nikazima redio.

"Ba mulamu," nikamwambia, "mkono wenu unaijua sana besi hiyo."

Aliutazama mkono wake kana kwamba si wake.

"Aliniomba nisikuambie," akasema. "Lakini ameshakufa, na mimi sitakawia."

"Kuniambia nini?"

"Lubumbashi hakupiga. Alikuwa hotelini. Besi yote ile niliipiga mimi, kwa mkono wa kushoto, kwenye kinanda."

Mwalimu akasimama. "Apana, papa. Mi nilimuona. Alisimama pale na gitaa yake."

"Ulimwona dereva wetu. Tulimvika shati la mwenzetu na gitaa lisilo na waya, ili wenye konseri wasikatae kutulipa tukiwa pungufu. Wewe ulikuwa mbali, mwanangu."

Mwalimu aliketi tena. Sikuwa namtazama yeye. Nilimuuliza mzee kwa nini mume wangu alibaki hotelini.

"Alitokwa na malengelenge," akasema, akapitisha mkono ubavuni mwake, upande wa kushoto, toka mgongoni mpaka kifuani. "Kama mkanda. Hakuweza kuvaa hata shati, sembuse kuning'iniza gitaa. Alilia kwa maumivu, mtu mzima. Tulidhani ni buibui amemtambaa."

Wakati wa konseri ile hakuna mtu kwetu aliyejua maana ya mkanda wa jeshi kwa kijana mwenye nguvu. Lakini siku tuliyokaa pale Mwansabombwe, hapakuwa na mtu mzima asiyejua kwamba ni dalili ya kaliondeonde. Wakimwona mtu mwenye mkanda huo walianza kumtazama kwa namna nyingine.

Nami nililijua kovu lile. Nilikilaza kichwa changu juu yake miaka minne. Madoa meusi yamepangana ubavuni. Nilimuuliza wiki ya kwanza ya ndoa, akaniambia alimwagikiwa na maji ya moto alipokuwa mtoto.

"Alijua?" nikauliza.

"Hakuna aliyejua, mulamu. Alichokificha ni aibu tu. Alisema, huyu msichana anajivunia kuolewa na mpiga besi wa Lubumbashi, usimwambie kwamba sikupiga."

Akatuomba tule kabla ya kurudi. Tulikula ubwali, ugali wa muhogo, kwa sombe, majani yake, na sikumbuki ladha yake. Tulipoaga, mzee alimshika mwalimu mkono, akamwambia kwamba yeye kwa maoni yake iliyo bora ni Kitwe, ila kama anapenda Lubumbashi aendelee kuipenda, muziki ni ule ule.

Katika gari la kurudi mwalimu aliomba nimpishe nafasi mbele pamoja nami. Redio aliishika kifuani mpaka tunakaribia Nchelenge. Kisha akasema polepole, dereva asisikie:

"Mama, unisamehe. Mi nilitaka tu kuyua ipi iko muzuri."

"Najua."

"Sikuwa natafuta hii."

Nilimwambia si yeye aliyeileta. Lakini nilikuwa na hasira naye, hasira ya mtu aliyeamshwa.

Hesabu yangu ilikuwa imevunjika. Ugonjwa haukuja baada ya mimi kushuka kwenye lori. Ulikuwa ndani tangu siku niliyopanda, na ulikuwa ndani mtoto alipozaliwa. Hilo la mtoto ndilo lililonifanya niache kula. Waliniambia malaria, nikaamini. Sasa kila nilipofumba macho nilikumbuka utando mweupe mdomoni mwake, shingo yake nyembamba, na sikujua tena kama nakumbuka kweli au natunga.

Nilianza kujichunguza. Asubuhi nilikagua mbavu zangu kwa kioo kidogo. Nilipokwenda Kabuta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kununua samaki, nilimwomba mwenye mizani ya kupimia magunia ya chisense anipime nami, nikajifanya natania. Mara ya tatu hakucheka tena. Mbele za mama nilimeza tonge mbili nikasema nimeshiba. Redio sikuifungua. Mwanamume mmoja wa kanisani, mgane, aliyekuwa ametuma watu kuniposa, nilimkatalia bila kueleza sababu, na watu wakasema najivuna.

Katika miezi hiyo mwalimu alivuka kwenda kuwachukua mkewe na watoto. Alisema atarudi baada ya siku tatu. Wiki ikapita. Kila boti iliyofika nilimuuliza nahodha, na kila nahodha alikuwa na habari yake. Mmoja alisema basoda, yaani askari, wamechukua boti zote za Kilwa kubebea watu wao. Mwingine alisema shuleni pamejaa wageni wenye bunduki, na mtu aliyewahi kuwa mwalimu anatafutwa aandike orodha za majina. Sikupenda kusikia habari ya orodha.

Boti zisizo na ruhusa zilianza kushukia Kabuta badala ya Kashikishi. Nikawa naenda huko na baiskeli ya mama tangu asubuhi. Watu walishuka na vitu vya ajabu. Mwanamke mmoja alikuwa na dirisha zima, kioo chake na fremu yake. Mzee mmoja alikuwa na kuku aliyekwisha kufa, na hakukubali kumwacha.

Siku ya ishirini na mbili mwalimu alishuka. Alikuwa na mkewe na watoto watatu, na hawakuwa na mzigo wowote. Mama yake mzazi alikuwa amekataa kuondoka. Mwalimu alinisalimu kwa kichwa tu, akakaa chini mchangani palepale maji yanapofikia. Mkewe ndiye aliyekuja kwangu. Alikuwa mwanamke mrefu, sauti yake ya chini.

"Njo weye mama wa kaseti?"

"Njo miye."

"Alisema kama kitu kinamupata, nitafute mama wa kaseti. Nilisema, bibi gani uyu?" Akanitazama toka juu mpaka chini. "Sasa nakuona. Uko unagonjwa?"

Waliishi uani kwetu, kwenye chumba cha nyavu. Mwalimu alilala mchana kutwa siku za kwanza, na alipoamka hakuulizia muziki. Mkewe alimsaidia mama kuanika chisense. Hakuuliza mengi, ila alikuwa anahesabu tonge zangu. Siku ya nane au ya tisa, tukiwa tunafua wawili tu, akasema:

"Bwana yangu aliniambia ile mambo ya Mwansabombwe."

Niliendelea kufua.

"Dada yangu alikufa na ile ugonjwa," akasema. "Miaka mbili alikuwa anaogopa. Ile kuogopa njo ilimukondesha mbele ya ugonjwa. Kesho tunaenda hospitali, mi na weye."

"Na wakikuta?"

"Basi itakuwa imepatikana. Leo hauyui, na unakufa tayari."

Tulikwenda kwa miguu. Muuguzi alinitoa damu, akasema majibu yatachukua wiki mbili, kwa kuwa hupelekwa kwingine. Wiki mbili hizo sina la kusimulia. Nilikunja mashati, nikayakunjua.

Siku ya majibu mke wa mwalimu aliketi kwenye benchi nje. Muuguzi alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu. Alifunga mlango, akaniuliza jina, akalilinganisha na karatasi, akaniuliza tena. Kisha akasema hawakukuta kitu. Sikumwelewa. Akarudia kwa Kibemba cha polepole, kwamba damu yangu haina.

"Mume wangu alikuwa nao miaka yote," nikamwambia. "Tangu kabla ya ndoa."

"Hutokea hivyo. Si mara nyingi."

"Nilikuwa na mtoto. Alikufa."

Akaivua miwani yake. "Kama mama hana, mukwai, mtoto hakuupata kwako. Alikufa kwa kitu walichokuambia."

Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa kuokoka. Nililia kwa sababu nilikuwa nimerudishiwa malaria ya mwanangu, na sikujua kwamba mtu anaweza kushukuru kwa kitu kama hicho. Nje, mke wa mwalimu aliniona uso, akadhani ni habari nyingine, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikashindwa kumweleza.

Kwa mume wangu sikupata amani upesi. Alikuwa amenidanganya jambo dogo kwa ajili ya fahari, na chini ya dogo hilo lilikuwamo kubwa ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Mpaka leo sijui nimkasirikie lipi. Huduma niliyompa mwishoni ningempa tena.

Mwezi wa saba maafisa walikuja na lori kuwachukua watu wa ng'ambo kwenda kambini, mbali na ziwa. Walipewa asubuhi moja tu ya kujitayarisha. Nilimtolea mwalimu mfuko wake, nikaongeza na ya Kitwe, na ile ya Mansa ndani ya leso yake, nikamwambia ukweli kwamba nilikuwa nayo muda wote. Aliifungua leso, akaitazama, akairudisha mkononi mwangu.

"Hii ni yako," akasema. "Haiko ya kulinganisha."

Alichukua ya Lubumbashi peke yake. Nilimuuliza kama bado ni ya kwanza kwake, baada ya yote. Akafikiri, mguu mmoja tayari juu ya lori.

"Ule muzee alipiga kinanda na mukono moja, na besi na mukono ingine, dakika kumi na saba," akasema. "Zamani nilikuwa naisifu juu ya mutu mwingine. Lakini ndiyo. Njo ya kwanza."

Mkewe alinipungia mkono, watoto hawakupunga. Lori likaondoka kuelekea kusini, kwenye njia ya Mwansabombwe. Mpiga kinanda hakuliona likipita. Tulikuwa tumesikia habari ya msiba wake wiki iliyotangulia.

Tulirudi uani, mimi na mama, tukageuza chisense. Saa tisa hivi alasiri, toka upande wa maji, tukasikia kishindo cha mbali, kizito, halafu kingine. Mama aliinua kichwa. Akasema mvua inakuja, tuingize samaki. Mwezi wa saba kwetu hakuna mvua, naye alilijua hilo kuliko mimi. Niliushika mkeka upande wangu, naye akaushika upande wake, tukaingiza samaki ndani.